Kuwapeleka Watu Ujerumani, na Yule Tuliyemwacha Dallas

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini Stafford, kando ya Houston, kabla ya saa mbili asubuhi, nimevaa gauni la heshima na ushungi mpya, nikidhani nitaonyeshwa meza yangu. Meza haikuwepo. Msimamizi wa Misafara, mzee wa Kikenya kutoka Nakuru aliyeianza kazi hiyo kabla mimi sijakanyaga Texas, alinitoa nje kwenye maegesho akaniambia nihesabu magari. Nikahesabu. Akaniambia nizunguke nihesabu tena, kisha tena. Mara ya tatu idadi ikapungua, kwa kuwa gari moja lilikuwa limeondoka nyuma ya mgongo wangu bila mimi kuliona.

"Umeona sasa?" akasema. "Mama, hii kazi si kuonyesha watu majengo. Majengo watayaona wenyewe, hayatoroki. Wewe kazi yako ni watu. Ukiwa na watu ishirini, unalala na ishirini, unaamka na ishirini, unarudi Houston na ishirini. Hayo mengine ni maneno tu."

Cheo changu kilikuwa kiongozi wa msafara. Yaani mtu anayesafiri na kundi tangu uwanja wa ndege wa huku hadi wanakokwenda, analala wanapolala, anakula wanapokula, na kuwarudisha. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu moja tu: nazungumza Kijerumani. Nilipokuwa msichana Lushoto nilikaa miaka kumi na moja kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni ya masista wa Kijerumani, na masista hao hawakuwa watu wa kuvumilia sarufi mbovu. Nilipokuja Houston kumfuata mume wangu, Kijerumani changu kilikaa bila kazi huku nikitandika vitanda hotelini. Siku moja Mkurugenzi wa kampuni ya safari, Mtanzania mwenzangu, alinisikia nikimwelekeza mgeni wa Kijerumani karibu na lifti. Akaniuliza hapo hapo kama napenda kusafiri. Nilimwona kama mtu aliyetumwa na Mungu. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba hasira niliyonayo leo sikuanza nayo.

Vijana hunitafuta wakitaka "tips" za Ujerumani. Wanataka kujua wapige picha wapi. Nitawaambia, lakini nitaanza na yale yaliyotutoa jasho.

Ujerumani, Jumapili maduka hufungwa. Si baadhi, ni karibu yote, isipokuwa yale ya stesheni kubwa. Kundi langu la kwanza lilifika Köln Jumamosi jioni na nikasahau kuwaambia wanunue maji na mkate. Kesho yake nilikuwa na watu wazima ishirini na mbili wenye njaa, wengine wanaugua sukari, wananitazama kama mimi ndiye niliyefunga maduka. Tiketi ya treni ya mjini, miji mingi, haitoshi kuinunua; lazima uigonge muhuri kwenye kijisanduku kilicho ukutani, vinginevyo mkaguzi anakuhesabu umepanda bure, na hana habari na umri wako. Taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu simama, hata kama hakuna gari mpaka upeo wa macho, kwa sababu bibi wa Kijerumani atakukaripia mbele ya watoto. Njia ya baiskeli usiisimamie kupiga picha. Chupa ya maji usiitupe. Irudishe dukani kwenye mashine inayoimeza na kukupa karatasi ya kurudishiwa hela yako. Choo cha stesheni kinataka sarafu, basi kila asubuhi nilikuwa napita mezani nikiwauliza watu wazima kama wana sarafu za choo. Na samaki wakavu unaweza kuingia nao, lakini nyama na maziwa utanyang'anywa uwanjani.

Na vituko vipo. Bremen kuna sanamu ya punda, mbwa, paka na jogoo waliopandana migongoni, na watu huja kushika miguu ya mbele ya punda wakiomba heri. Ishike yote miwili kwa mikono miwili. Ukishika mmoja, wenyeji watasema punda mmoja anamsalimia mwenzake. Mji huohuo una kifuniko cha shimo ardhini; ukitumbukiza sarafu, mnyama analia chini ya miguu yako. Freiburg kuna vijito vinavyopita katikati ya mitaa, na ukitumbukia kwa bahati mbaya wanasema utaolewa hapo hapo mjini. Mjane mmoja wa Sugar Land alitumbukia mara tatu mchana mmoja, na sidhani kama hata moja ilikuwa bahati mbaya. Wuppertal kuna treni inayoning'inia juu ya mto, reli iko juu yake badala ya chini, nayo inayumba kidogo kwenye kona. Zamani walimpandisha mtoto wa tembo humo kwa matangazo ya sarakasi, akavunja dirisha akaangukia mtoni, akapona. Wazee wa mji huo bado wanakisimulia kisa hicho kwa fahari.

Lakini kuna jambo moja ambalo kijitabu cha maelekezo ambacho Mkurugenzi aliwagawia wasafiri hakikuliandika kamwe, ingawa nilimwomba. Treni ndefu ya kutoka Berlin kwenda magharibi hukatwa vipande viwili katika stesheni ya Hamm. Mabehewa ya mbele yanaenda upande huu, ya nyuma upande ule. Mwaka wangu wa pili, ofisi ilikata viti tisa kwenye kipande kimoja na kumi na mbili kwenye kingine, mimi sikukagua, na nikawatazama wazee kumi na wawili wakienda zao Düsseldorf huku mimi nikielekea Wuppertal. Ilinichukua saa tano kuwakusanya. Niliporudi Stafford nilimweleza Mkurugenzi kwa maandishi, nikitaka kila tiketi iandikwe namba ya behewa kwa herufi kubwa.

Aliisoma barua yangu akiwa amesimama. "Si walifika?" akauliza.

"Walifika."

"Basi, mama. Usini-stress."

Msimamizi alikuwepo. Tulipotoka nje aliniambia kwa sauti ya chini, "Huyu bwana siku moja ataacha mtu." Mwaka uliofuata Msimamizi alistaafu, akarudi Nakuru, na nafasi yake haikujazwa. Nikafanywa mimi msimamizi bila cheo wala nyongeza, kisha nikahamishiwa Dallas kufungua tawi.

Tawi lenyewe lilikuwa chumba kimoja mtaa wa Vickery Meadow, kati ya duka la vyakula vya Kiafrika na kinyozi. Wateja wangu wakawa Warundi, Wakatoliki wa parokia moja, watu wa maghala, mahoteli na viwanda. Walikuwa wamesikia kwamba kanisa kuu la Köln lina sanduku la dhahabu lenye mifupa ya wale Mamajusi watatu, wakataka kwenda kuhiji. Walichanga kidogo kidogo kwa zaidi ya mwaka. Sijawahi kuwa na kundi lililojiandaa kama lile. Walikuja kila Jumapili baada ya misa, nikawafundisha kusema asante na samahani kwa Kijerumani, na watoto wao waliozaliwa huku wakiwasahihisha kwa Kiingereza kutoka mlangoni.

Kati yao alikuwepo Consolata. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mpole wa sauti, anayekunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja. Yeye hakuwa akienda kwa ajili ya Mamajusi. Alikuwa akienda harusini. Walipokimbia vita Burundi, binti yake Odette, mwenye miaka mitano, alipakiwa lori moja na bibi yake, na Consolata akaambiwa lori linalofuata linakwenda hukohuko. Halikwenda huko. Consolata aliishia kambini Kigoma na baadaye Dallas. Mtoto alilelewa na watu wengine, akazungushwa nchi mbili tatu, akakulia Ujerumani. Walipata mawasiliano tena kupitia watu wa parokia, baada ya miaka zaidi ya ishirini na mitano, na walikuwa wanaonana kwenye simu tu. Odette alikuwa anaolewa Wuppertal siku ya Jumamosi ya safari yetu. Kutoka Köln mpaka hapo ni nusu saa kwa treni. Kundi zima lilialikwa.

Consolata hakuwa na pasipoti ya Marekani kama wenzake. Mtihani wa uraia ulikuwa umemshinda mara mbili kwa sababu ya Kiingereza. Alikuwa na kadi ya ukaazi na kile kijitabu wanachopewa wakimbizi kusafiria. Nilipokishika mkononi nilisita. Nikampigia Mkurugenzi.

"Huyu mama anahitaji viza," nikamwambia. "Hii si pasipoti."

"Ni document ya serikali ya Marekani, mama. Wajerumani watakataaje document ya Marekani?"

"Tuulize ubalozi wao mdogo. Uko hapo hapo Houston, karibu na wewe."

"Sawa. Nitawapigia."

Baada ya siku tatu akanipigia yeye. "Nime-confirm. Yuko sawa. Mwandike."

Kwenye orodha ya ofisi, mbele ya kila jina, kulikuwa na safu iliyoandikwa hati za safari. Nikaweka tiki penye jina la Consolata, kwa kalamu yangu, kwa mkono wangu. Sikumwuliza alizungumza na nani. Sikumwomba jibu la maandishi. Nilikuwa na miaka sitini na mbili, na miaka kumi na nne katika kazi hiyo, na nilifanya kosa ambalo ningemfokea kijana wa wiki moja.

Siku ya safari tulikuwa uwanjani Dallas tangu saa sita mchana. Watu wanaimba, wamevaa vitenge vya sare. Consolata alikuwa wa saba kwenye foleni. Binti wa kaunta alikichukua kijitabu chake, akakifungua, akaandika kwenye kompyuta, akaandika tena. Akauliza viza iko wapi. Nikasogea nikasema ofisi yetu imethibitisha kwamba haihitajiki. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa wake akasoma kioo cha kompyuta, akatikisa kichwa. Alikuwa na adabu, sina la kumlaumu. Alisema akimpandisha, Frankfurt watamrudisha kwa ndege inayofuata.

Nikampigia Mkurugenzi. Hakupokea. Nikampigia mara sita. Ya saba simu ilikuwa imezimwa.

Consolata hakulia. Aliniuliza tu, "Mama Zubeda, si ulisema iko sawa?"

"Nilisema."

"Sasa Odette nitamwambia nini?"

Nilikuwa na watu kumi na tisa wa kuwapeleka, wengi wao hawajawahi kupanda ndege tangu siku waliyoletwa Marekani. Consolata akafungua sanduku lake pale pale sakafuni, akatoa mfuko wenye kitenge na samaki wadogo wakavu, wale ndagala wa ziwa la kwao, akanipa. Nilipogeuka kutoka kwenye mlango wa ukaguzi nilimwona amesimama na sanduku lake, anatupungia mkono kana kwamba ni yeye aliyekuja kutusindikiza.

Frankfurt Odette alikuwa amesimama mbele ya watu wote na mchumba wake, ameshika maua. Alikuwa na paji la uso la mama yake. Aliwatazama wenzetu wakitoka mmoja mmoja, akaendelea kutazama mlango hata baada ya wote kwisha. Kirundi chake ni cha mtoto wa miaka mitano, na Kiswahili hana. Alizungumza nami kwa Kijerumani.

"Mama yuko wapi?"

"Wamemkatalia kupanda ndege. Hakuwa na viza."

"Aliniambia ana kila kitu." Sauti yake haikupanda. "Nilipokuwa mdogo pia waliniambia anakuja kwenye lori la nyuma yetu."

"Odette, si yeye. Ni sisi. Ofisi yetu ilimwambia hahitaji. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika kwamba yuko sawa."

Nikamnyooshea mfuko wa mama yake. Akauchukua ule mfuko bila kuufungua, akampa mchumba wake. "Asante kwa kusema ukweli," akasema. "Lakini harusini usikae karibu yangu."

Jumamosi nikakaa kiti cha mwisho nyuma ya ukumbi. Warundi wangu waliimba mpaka Wajerumani wakasimama juu ya viti kuwaona vizuri. Mbele, pembeni ya bibi harusi, kulikuwa na kiti kitupu chenye kitenge kimekunjwa juu yake. Ilikuwa ni saa kumi jioni pale, yaani asubuhi Dallas. Odette akapiga simu ya video. Consolata alitokea amevaa sare ya kazi. Msimamizi wake wa hotelini, alipoona hajasafiri, alimfutia ruhusa na kumrudisha zamu. Nyuma yake mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma. Mama anasema Kirundi, binti anadaka neno moja kati ya matano. Walijaribu, wakakwama. Ndipo Odette akainua macho, akanitafuta ukumbini.

"Wewe," akasema kwa Kijerumani. "Njoo utafsiri."

Nikaenda. Nikasimama kati yao, mtu aliyewatenganisha, nikawa mdomo wao.

"Mwambie nimemwona," Consolata alisema kwa Kiswahili. "Mwambie gauni limempendeza. Mwambie tiketi nilikuwa nayo mkononi."

Nikasema. Odette akajibu, "Mwambie nimemwekea kiti."

Nikasema hilo pia, na hapo ndipo Consolata alipolia. Kisha nikasikia mtu akimwita kwa Kiingereza arudi kwenye mashine, na simu ikakatika.

Tulimaliza safari. Niliwapeleka Köln wakapiga magoti mbele ya sanduku la Mamajusi, niliwapeleka Bremen wakashika miguu ya punda, yote miwili, niliwarudisha Dallas kumi na tisa kama nilivyoondoka nao. Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lilinichoma zaidi.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi mpaka Houston, nikaingia ofisini Stafford bila kubisha.

"Ulizungumza na nani ubalozini?" nikamwuliza Mkurugenzi.

"Karibu kwanza, mama. Pole na safari."

"Ulizungumza na nani?"

Akapanga kalamu zake. "Niliangalia online."

"Uliniambia ume-confirm."

"Kuangalia online ni ku-confirm. Halafu, mama, document ni jukumu la mteja. Iko kwenye fomu. Alisaini."

"Alisaini Kiingereza ambacho amefeli mara mbili! Ulikuwa unalijua hilo."

"Ni mmoja kati ya ishirini, Zubeda. Tutampa nafasi kwenye trip nyingine."

"Trip nyingine ina harusi?"

Nikamwambia nataka kitu kimoja tu: apande gari, aende Vickery Meadow, akae sebuleni kwa Consolata, amwambie kwa mdomo wake kwamba alidanganya. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona aibu na hataki ionekane. Akasema hawezi kwenda kupiga magoti kwa kila abiria. Nikamwachia funguo za tawi juu ya meza. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hapakuwa na keki wala hotuba.

Nilirudi nyumbani kwangu Gulfton, hapa Houston, na kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa ile niliyopaswa kuifanya mwanzo. Nilikwenda mwenyewe ubalozi mdogo, nikapanga foleni, nikauliza, nikaandikiwa vinavyohitajika. Barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, bima ya safari, karatasi za mshahara, kadi ya ukaazi. Consolata alikuja kwa basi, akalala kwangu siku tatu, tukajaza fomu mezani jikoni. Viza ilitoka. Alikwenda mwezi wa kumi, peke yake, na maelekezo yangu ya Kiswahili kurasa nne mkobani: ukitoka ndege fuata alama ya treni, namba ya behewa lako nimeizungushia wekundu, mtu akikuambia haraka mwambie subiri.

Aliporudi alinipigia. Alisema Odette alimwonyesha picha zote za harusi, moja moja, na hakuna hata moja yenye sura yake. Alisema siku mbili za mwanzo walikuwa kama wageni, wanakaribishana chai. Siku ya tatu walipanda ile treni inayoning'inia, ikayumba kwenye kona, yeye akapiga kelele, na Odette akamshika mkono. Hakuuachia mpaka kituo cha mwisho.

Nyinyi mnaofanya kazi hii sasa, mna simu zinazoonyesha kila kitu. Mtu akikuambia amethibitisha, mwambie akuonyeshe. Akiudhika, mwache audhike. Anayepanga foleni na kitenge begani hajui sheria za viza, na hana sababu ya kuzijua. Alikulipa wewe uzijue.

Mwezi uliopita tulikutana na Mkurugenzi kwenye harusi ya Watanzania hapa Houston. Kampuni yake ipo, na nasikia inaendelea vizuri. Alinifuata mpaka mezani, amenyoosha mkono, anatabasamu mbele ya watu.

"Shikamoo, mama. Yale yalishapita, jamani. Consolata mwenyewe ameshanisamehe, alinitumia salamu."

Najua alimsamehe. Aliniambia, na nilimheshimu kwa hilo.

"Consolata amesamehe lake," nikamwambia. "Mimi mwenyewe sijajisamehe bado. Wewe kaa kwenye foleni."

Nikamwacha na mkono wake umenyooka hewani, nikaenda kuchukua pilau.